Ukuta wa Duka na Migomba ya Shangazi

Rangi ya kijani niliyopewa ilikuwa ya chama. Ilibaki kwenye debe baada ya kupakwa mlango wa ofisi ya kijiji na mlingoti wa bendera, na mwenyekiti alinikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ananipa mtoto mchanga nimshike. Nilipata pia njano kidogo, nyeusi ya kuandikia vibao vya barabara, na chokaa kadiri nitakavyo. Nyekundu haikuwapo. Siku nzima nilikaa nikiwaza nyekundu. Chuo kikuu tulikuwa tumefundishwa kwamba mchoraji anayepinga dhuluma huitegemea mno rangi hiyo, na mimi nilikuwa nimejibu swali la mtihani kuhusu jambo hilo na kupata alama nzuri. Sasa nilikuwa na dhuluma mbele yangu, nilikuwa na ukuta, ila sikuwa na nyekundu.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Nilikuwa nimepangiwa idara ya utamaduni pale Ngara mjini, juu kilimani, katika ofisi yenye ngoma zilizotoboka na meza niliyoikuta imejaa vumbi. Zikaja habari kwamba kiongozi mkubwa kutoka mkoani atapita katika vijiji vya barabara ya Rusumo, akitokea Lusahunga. Kila kijiji kikaambiwa kimwonyeshe kitu. Wengine walitayarisha kwaya, wengine gwaride la mgambo. Kijiji chetu, kwa kuwa kilikuwa kimezaa msichana aliyesomea sanaa, kiliambiwa kichore ukuta wa duka la kijiji unaotazama barabarani. Mada ilikuwa maendeleo.

Nasema kijiji chetu kwa mazoea ya ofisini. Kwetu hasa ni bondeni, chini kabisa, ambako shangazi alinilea baada ya mama yangu kufariki. Operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika, watu wa bondeni waliambiwa wapande juu. Waliochelewa waling'olewa milango na kuezuliwa paa. Nyumba mpya zikapangwa kwa mistari kwenye mgongo wa kilima wenye mawe, ili shule, zahanati na maji ya bomba viwafikie kwa urahisi. Shule ilifika. Zahanati ilifika nusu, kuta bila paa. Maji yalibaki kulekule bondeni, na migomba pia.

Shangazi alikuwa mjane. Migomba yake ilipandwa na mama mkwe wake, na katikati yake ndipo alipozikwa mumewe. Kila asubuhi alishuka kupogoa na kufunika shina kwa majani, jioni akapanda na mkungu kichwani, goti lake moja likilia kama bawaba. Mgambo walikuwa wamekatazwa kuwaruhusu watu kushuka, lakini wengi wao walikuwa watoto wa bondeni pia, basi walitazama pembeni au walichukua chana moja na kukaa kimya.

Lililonifanya niwaze kupita kiasi, hata kwa kipimo changu, ni uamuzi uliokuwa umepitishwa na halmashauri ya kijiji. Ziara ikiisha tu, bonde lote lingefyekwa, migomba iangushwe, mahindi yapandwe kwa mistari. Sababu ilisemwa wazi mkutanoni: watu hawatatulia juu wakati roho zao ziko chini. Shangazi alirudi nyumbani, akaketi kizingitini, akamenya ndizi zaidi ya tulizoweza kula.

Kupinga mkutanoni hakukuwezekana. Mzee mmoja aliyeinuka kuuliza habari za maji alikwisha kuitwa mpinga maendeleo, akapewa adhabu ya kuchimba vyoo vya shule. Lakini mgeni yule angeweza kuusimamisha ufyekaji kwa neno moja, na mgeni yule angesimama mbele ya ukuta wangu. Mtu anaweza kufungwa mdomo, niliwaza, lakini nani ataufunga ukuta? Wazo hilo lilinipendeza sana. Leo likinijia huwa nataka kulipiga teke.

Mchoro wa kwanza niliufikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyouchora. Niliamua kutumia ukubwa. Katikati niliweka kiongozi mmoja mkubwa, kofia yake inagusa mabati, tumbo limejaa kama gunia, kiatu chake kinakanyaga vilima. Chini yake niliwapanga wanakijiji wadogo kama siafu, kila mmoja na ndoo kichwani, wakipanda mlima usioisha. Mwili wa kiongozi niliupaka njano nzito, wanakijiji nikawapaka nyeusi nyembamba. Nilijiona nimesema yote. Halafu hofu ikanishika. Je, kama nimesema mno? Nilikwishapanga hata majibu ya kumpa mwenyekiti atakaponiita ofisini.

Mwenyekiti alikuja, akasimama mikono nyuma, akatazama. Mimi nilisimama karibu na ngazi.

"Ndugu afisa," akasema, "hii ni kazi!"

"Unasemaje, ndugu mwenyekiti?"

"Umeonyesha uongozi ulivyo mkubwa. Na wananchi walivyo wengi nyuma yake, wanachapa kazi. Hata tumbo umeweka, maana njaa tumeishinda." Akanipa mkono. "Chuo kikuu si mchezo!"

Alipoondoka walikuja wanawake wa mstari wetu, wanatoka kuchota maji bondeni, ndoo bado vichwani. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo usiolala, akainama karibu na siafu zangu.

"Huyu ni nani?"

"Ni nyinyi, mama. Ni sisi sote."

"Mimi?" Akawageukia wenzake. "Jamani njooni mjione! Mwaka mzima ofisi inatuona wadogo, leo binti yetu katuletea ushahidi."

Wakacheka, maji yakamwagika. Mmoja akasema, "Angalau angenipa shingo." Mwingine akamjibu, "Shingo ya nini, wewe si ndoo tu?"

Shangazi hakucheka. Alisema kwa Kihangaza, kwa sauti ya chini ambayo tangu utoto ilinitisha kuliko fimbo, kwamba mtu anayekupenda hakufanyi mdogo namna ile.

Nilitaka kueleza. Kwamba ukubwa ule ni kejeli, na udogo ule ni malalamiko, na kwamba duniani kuna wachoraji waliofanya hivyo na watu wakaelewa. Nilianza hata kueleza. Ndoo zilikuwa nzito, wakaenda zao. Nikabaki na mchoro uliokuwa umewafurahisha niliotaka kuwachoma na kuwachoma niliotaka kuwatetea. Nikachovya brashi kwenye chokaa, nikaufuta wote. Mwenyekiti alipouliza nilimwambia rangi haikushika vizuri.

"Sasa nichore nini?" nilimuuliza shangazi jioni ile, na najua niliuliza kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyenituma.

"Chora bondeni."

"Bondeni vipi? Kwa maana gani?"

"Kwa maana ya bondeni. Mgomba uwe mgomba. Asiyepaona apaone."

Nikamwambia nitamweka yeye katikati ya shamba lake, mkubwa, amesimama na panga la kupogolea. Akakataa kabla sijamaliza. "Usinichore mimi. Watasema nimejibandika ukutani. Usimchore mtu yeyote, wote hapa wana watoto." Nilibishana naye kidogo tu, kwa sababu kichwani mwangu wazo lilikwisha kugeuka likawa langu. Bonde lisilo na mtu! Nyumba bila milango, bila moshi, mashamba yaliyotunzwa na wasioonekana. Utupu nao unasema. Pengine unasema kuliko nyekundu.

Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, na sikuwa peke yangu. Wanawake waliposikia ni bonde, walianza kusimama. Rangi yangu haikutosha, basi waliniletea masizi ya vyungu yaliyochanganywa na utomvu, udongo mweupe wa kingo za kijito, udongo mwekundu tuliokuwa tukisiriba nao nyumba. Nyekundu yangu ikawa imekuja bila kuitwa, na nikaitumia kwa ardhi tu, kwani ndivyo ardhi yetu ilivyo. Wakati wa kuchora walibishana juu ya kichwa changu.

"Mvule ule uko mbali na kijito."

"Wewe ulikuwa huoni vizuri hata kabla hatujahama."

"Ndizi zangu za pombe ziko wapi? Mbona kanipa za kupika tu?"

"Anajua ukinywa unavyokuwa!"

Kijani cha chama kiliisha kwenye migomba ya shangazi. Mwenyekiti alikuja akachungulia ndani ya debe, akatazama ukuta, akatazama tena debe. "Kijani chote? Kwa ndizi?" Nilijibu kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Kila ofisa alikuwa akisema hivyo, yeye akiwa wa kwanza. Lakini nilimwona anatafuta kitu ukutani kwa macho, upande wa juu wa bonde, ambako ilikuwa nyumba ya mama yake. Aliipata. Akaondoka bila kuniaga.

Siku ya ziara kulikuwa na vumbi kwanza, kisha magari. Kwaya ya shule iliimba, mgambo wakapiga saluti. Mgeni rasmi alikuwa mtu mpole, jambo lililonivuruga, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mkali. Alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu. Niliona macho yake yakipita kwenye nyumba zisizo na milango. Ataona, nikawaza. Sasa ataona hakuna moshi. Sasa atauliza watu wako wapi.

"Shamba zuri sana hili," akasema. "Lipo kweli?"

"Lipo, ndugu mgeni rasmi," akajibu mwenyekiti. "Chini kule."

"La nani?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Wanawake walikuwa nyuma ya kamba, shangazi mbele yao. Nilimtazama mwenyekiti. Alitazama ukuta, upande ule wa juu, kisha akatazama viatu vya mgeni.

"La kijiji," akasema.

"Naona. Halina hata mtu mmoja ndani yake." Mgeni alitikisa kichwa. "Nasikia mlitaka kulifyeka? Msithubutu. Mali kama hii! Lifanyeni shamba la ujamaa, lilimwe kwa zamu, ndizi ziletwe dukani hapa. Na huyu msanii apigiwe makofi."

Nikapigiwa makofi. Shangazi naye alipiga, kwa nguvu, mikono juu. Nilitaka ardhi ipasuke. Utupu wangu, ambao niliupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora, ulikuwa umesomwa kama kiwanja kisicho na mwenyewe.

Nyumbani nilimkabili kabla hajaketi.

"Shangazi, mbona ulipiga makofi?"

"Hawafyeki."

"Lakini si yako tena! Utaenda kwa zamu, kama kibarua, kwenye kaburi la mume wako."

"Nimesikia. Ulitaka nilie mbele ya mgeni?" Akanitazama. "Mwanangu, wewe ukipewa nusu unaitupa kwa sababu si nzima. Kunja hilo jamvi tukale."

Sikula. Usemi wake ulinikera usiku kucha.

Mvua ya kwanza ilimwagika wiki ile, sehemu za chini za mchoro zikachirizika. Asubuhi nilimkuta jirani yetu mwenye mdomo yuko ukutani na kibuyu cha udongo mweupe, anasema anarekebisha palipoharibika. Palipoharibika palikuwa chini. Yeye alikuwa juu, kando ya mlango wa nyumba aliyoiacha bondeni, anachora kwa vidole mistari iliyovunjikavunjika kama meno ya msumeno. Nilielewa mara moja. Zamani kila nyumba ya bondeni ilikuwa na pambo lake pembeni ya mlango, la masizi na udongo, na mama wa nyumba alilirudia kila baada ya mavuno. Kwa pambo hilo mtu alijua amefika kwa nani. Kule juu, kwenye mistari ya nyumba mpya, hakuna mwanamke aliyelichora tangu tuhamie. Ofisini nilikuwa nimeambiwa ni uvivu.

Wakaja mmoja mmoja. Shangazi alikuja mwisho, akaweka lake: vipembetatu vyeusi na vyeupe vinavyofuatana, kama nilivyoviona kila siku ya utoto wangu nikitoka nje. Mimi nilikaa chini nikihesabu makosa. Mapambo yalikuwa makubwa kuliko milango. Yalivunja kina cha picha nilichokihangaikia. Na kila mtu asiyetoka bondeni angeona urembo tu, basi yatasaidia nini?

Mwenyekiti aliniita.

"Nini kile wanawake wanaandika ukutani?"

Nikakumbuka mshahara wangu unalipwa na idara gani. "Si maandishi, ndugu mwenyekiti. Ni mapambo ya asili. Utamaduni wetu. Sera inatutaka tuyahifadhi."

Alizaliwa bondeni; hakuna alichohitaji kuelezwa. "Kama ni sera," akasema, "upande wa juu wa ukuta kumebaki nyumba moja haina."

Siku iliyofuata ilikuwa na pambo. Sikujua nani aliliweka, na mama yake mwenyekiti alikwisha kufa.

Zamu ya kwanza ya shamba la ujamaa nilishuka nao. Mpango ulikuwa wote waanzie upande wa kijito, wapogoe kwa mstari mpaka juu. Filimbi ikapulizwa. Wanawake wakatawanyika. Hakuna aliyekimbia wala kusema kitu; kila mmoja alikwenda tu mpaka kwenye shamba lenye pambo lake ukutani, akainama, akaanza. Mgambo mmoja akapiga kelele, "Mstari! Mstari, akina mama!" Akamtazama mwenyekiti apate amri. Mwenyekiti alikuwa ameondoka zamani, anapanda kuelekea upande wa juu wa bonde na panga begani.

Ningependa kuishia hapo. Mwalimu wangu wa chuo angefurahi. Lakini mikungu ya siku ile ilipandishwa dukani kama ilivyoamriwa, ikapangwa chini ya ukuta wenyewe, na shangazi alilala kilimani juu ya mawe, siku ile na siku nyingi zilizofuata. Niliandika ofisini kuomba wenye mashamba waachiwe. Nikajibiwa kwamba suala hilo si la utamaduni.

Kisha vita ikaja upande wa kaskazini mwa mkoa. Malori yalipita barabarani usiku na mchana, ndizi zetu zikaanza kwenda mbele vitani badala ya dukani, na vijana wa mgambo walichukuliwa karibu wote. Mimi nikatumwa kijijini na chokaa nifute ukuta, niandike wito wa kuchangia askari. Sikupinga vita ile, hata sasa siipingi, tulikuwa tumevamiwa. Lakini nilipopaka chokaa juu ya mapambo nililia kwa hasira, kama mtu anayelazimishwa kuwafukia watu aliowachora mwenyewe.

Shangazi alikuja, akanitazama nikilia, akachungulia ndoo.

"Hiyo iliyobaki unaifanyia nini?"

"Shangazi! Huoni ninachofanya?"

"Naona. Nimeuliza iliyobaki."

Tulishuka nayo bondeni, mimi nimebeba ndoo, nikitayarisha majibu ya kumpa mgambo kwenye kona ya mti wa mvule. Kwenye kona hapakuwa na mgambo. Hapakuwa na mtu njia nzima. Nilisimama, na nadhani nilielewa kabla ya kutaka kuelewa. Shangazi alikwisha kuezeka upande mmoja wa nyumba yake kwa nyasi. Jamvi lake lilikuwa ndani. Jirani naye alikuwa amewasha moto ng'ambo. Moshi ulionekana juu ya migomba.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu walinzi waende vitani."

Kwa hiyo kilichomrudisha nyumbani si ukubwa, si utupu, si nyekundu, si ukuta. Ni kwamba hapakuwa na aliyebaki wa kumzuia. Vita iliisha, vijana waliorudi walikuwa wamechoka, na hakuna aliyepata nguvu ya kuwapandisha tena akina mama kilimani. Duka limefungwa kwa kukosa bidhaa. Bado huwa najiuliza kama ukuta ule ulifanya lolote, kama bila ukuta huo migomba ingefyekwa na pasingekuwa na pa kurudi, au kama mgeni angeliokoa shamba hata kwa kuliona akiwa garini. Nimeuliza mara nyingi mpaka shangazi amenichoka.

Mara ya mwisho nilimkuta anasiriba pembeni ya mlango, mikono imejaa udongo. Nikamuuliza tena.

"Ulikuwa ukuta mzuri," akasema bila kugeuka. "Ila migomba yangu uliipinda mno. Nilitaka kukwambia tangu siku ile. Sogea, unanizibia mwanga."